Chumba cha Santuri

Shaibu mwanangu,

Siku ile ulipoumwa mie sikuwa nimelala. Hilo ndilo neno lenyewe, na sijawahi kumwambia mtu: si Bibi, si baba yako, si daktari aliyeniuliza mara mbili huku akiniangalia usoni. Wote niliwaambia nilipitiwa na usingizi ubavuni pako. Uongo. Nilikuwa macho kabisa. Nilikuwa ndani ya chumba cha santuri, mlango nimeufunga, naimba.

Basi, nimeshaliandika. Nilidhani mkono utakataa.

Barua hii niliianza kwa Kiingereza, ili mtu akiiona asiielewe upesi. Nikaandika mistari michache nikaichana. Kiingereza changu nimekisomea darasani, kinajua kujibu maswali ya mtihani, lakini nikitaka kukuita "mwanangu" kinasimama kama mgeni aliyekosea nyumba. Halafu nikajicheka mwenyewe. Humu ndani nani wa kufichwa? Bibi hajui hata herufi moja. Wewe bado hujafundishwa. Anayesoma lugha zote mbili ni baba yako peke yake, na huyo ndiye ninayemkimbia. Tangu baada ya isha, kila akipita ukumbini nasukuma karatasi chini ya mkeka, najifanya nakunja kaptura zako.

Kesho alfajiri mnakwenda stesheni wewe na yeye, mpande treni mwende bara, kwenye shule ya watoto wasiosikia. Habari za kunawa, kula, kutopigana na wenzio, sikuandikii. Bibi amekuonyesha kwa mikono wiki nzima, mpaka leo mchana ukamgeuzia mgongo usimwone. Nakuandikia kwa sababu wanasema huko watoto kama wewe wanafundishwa kusoma. Siku utakapoweza, nataka ujue, na ujulie kwangu.

Lakini nikikutupia neno lile peke yake hutalielewa. Itabidi nianzie mbali kidogo.

Mie sikukuzaa. Aliyekuzaa ni dada yangu Fatu, aliyefariki wewe hujaota hata jino. Kwa watu wetu wa kusini mtoto wa dada hatafutiwi mama. Mama mdogo yupo, basi mama yupo, hata kama huyo mama mdogo mwenyewe yuko darasa la sita na anaogopa kwenda chooni usiku. Bibi, mama yetu mie na Fatu, alifunga vyombo vyetu kule Mtoni, tukahamia Kinondoni kwa baba yako ili tukulee. Nilikuwa nakubeba mgongoni huku nakariri majedwali ya kuzidisha. Ulipoanza kusema uliniita Mamdo. Bibi alijaribu kukufundisha "Mama Mdogo" zima zima ukakataa. Mamdo, Mamdo, kutwa nzima, kama ndege anayejua wimbo mmoja.

Baba yako alikuwa mkubwa katika shirika moja la umma, na shirika likampeleka Ulaya kusoma. Wenzake waliotangulia walirudi na majokofu, na suti, mmoja alirudi na gari. Yeye alirudi na makasha manne ya mbao. Siku lori lilipoyashusha, Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Baba Shaibu, hili jeneza la nani?"

"Si jeneza, Mama. Ni spika hiyo. Sauti inatokea humo."

"Na lile?"

"Spika ya pili."

"Mbili! Kwani uliambiwa sie humu ndani viziwi?"

Tulicheka sote. Hata wapagazi waliweka mzigo chini wakacheka. Wewe ulikuwa umepanda juu ya kasha unapiga makofi, hujui kinachochekwa. Neno lile Bibi hajalirudia tena mpaka leo, na likitajwa hata redioni huinuka akatoka.

Kuifunga mashine ile ilikuwa kazi ya siku nyingi. Baba yako mikono yake imejaa nyaya, mie ndiye niliyemsomea kijitabu cha Kiingereza kilichokuja nayo. Mwanzoni sauti haikunitoka. Unajua, shuleni walikuwa wananiita Bubu. Mwalimu akiniambia simama usome, nasimama na kitabu mkononi, neno halitoki, darasa zima linasubiri, halafu mmoja anaanza: "Bubu! Bubu kafika kituo!" na wote wanamfuata. Baba yako hakucheka. Alisema, "Isomee mashine, Somoe, usinisomee mie." Nikaisomea mashine. Ndiyo maana mpaka leo sijui kumchukia baba yako, ingawa kuna siku nimejaribu.

Mie muziki nilikuwa naujua wa redio ndogo ya Bibi, ile inayokoroma kama mtu mwenye mafua. Mashine ilipokuwa tayari baba yako aliniketisha katikati ya spika mbili, akasema nifumbe macho, akashusha sindano juu ya santuri. Kwanza palikuwa na ukimya, lakini ukimya wenye upana, kama umefungua mlango wa msikiti mkubwa hakuna mtu. Halafu mwanamke mmoja, mwimbaji wa taarabu, kabla hajatamka neno, akavuta pumzi. Shaibu, niliisikia pumzi inaingia. Nilisikia kidole kikiburuta juu ya waya wa udi. Nilisikia mtu nyuma yake huko akisafisha koo polepole, hataki aharibu. Nikafumbua macho nimwone. Hakuna mtu. Makasha mawili tu na ukuta.

Sikudanganyi: kilikuwa kitu kizuri. Nimeona watu wakishajuta hugeuka wakasema kile kitu kilikuwa kibaya tangu mwanzo, kilinuka, walikijua. Wanajisaidia tu. Mashine ile ilikuwa nzuri, na mie niliipenda kuliko nilivyokuwa nimependa kitu chochote kisicho na damu. Kama ingekuwa mbaya nisingekuwa na la kukuandikia leo.

Baba yako naye alipenda mpaka akapitiliza. Spika hazikutosha kukaa sakafuni. Akafyatulisha matofali ya saruji ya Wazo, mazito, yenye mchanga ndani, azipandishe juu yake zisitikisike. Santuri aliziosha kwa pamba na maji ya betri. Alinyoosha uzi toka puani pangu mpaka spika ya kulia, kisha ya kushoto, ajue kiti kikae wapi. Sindano ikichakaa aliagiza nyingine kwa meli, na mwezi huo sie tunakula mchicha. Bibi, kwa heshima yote, alidarizi kitambaa cheupe chenye maua, akakitandika juu ya amplifaya, kama tunavyotandika redio na makochi. Haikupita muda chumba kikanuka moshi. Baba yako aliruka akakinyakua.

"Mama! Hapa ndipo inapopumua!"

"Inapumua?"

"Ndiyo, inapata joto, inapumua kwa juu."

"Basi na uji ipewe," Bibi akasema, akachukua kitambaa chake akaenda zake. Alinuna siku kadhaa.

Miaka ile ilikuwa ya Azimio. Wakubwa walitakiwa waishi kama watu wengine, na mtaani mtu kuitwa kupe ilikuwa rahisi kama kuitwa jina lake. Baba yako hakuiba, hilo nakuapia. Alijinyima. Lakini nani angemsikiliza, mtu wa shirika la umma aliye na spika zinazomfika kifuani? Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Mkumba, alikuwa mtu mwema lakini masikio yake yalikuwa yanatangulia mwili. Akipita nje baba yako huzima, tunakaa kimya kama wezi.

"Si dhambi kupenda kitu, Somoe," aliniambia siku moja. "Ila kwa sasa si adabu kukionyesha."

Ndipo akamleta fundi kutoka Keko. Dirisha la chumba kile likazibwa kwa matofali. Kuta zikapigwa mbao, na nyuma ya mbao wakajaza sufi, magunia na magunia. Dari vilevile. Mlango ukawa wa mninga, mbao mbili zimebandikana, na pembeni kote, mpaka chini, fundi akapigilia mpira wa tairi, ukiufunga unameza hewa. Siku ya kuujaribu baba yako alinisimamisha uani. Akaingia, akafunga, akapiga muziki kwa nguvu zote. Akatoka mbio.

"Umesikia?"

"Sijasikia kitu, Shemeji."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alifurahi kama mtu aliyepandishwa cheo. Alikubeba akakurusha juu akakudaka. Sote tulifurahi. Tulikuwa tumejenga chumba kisichotoa sauti, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kama kinaingiza.

Kufuta vumbi kulikuwa kazi yangu, maana mikono yangu ilikuwa miepesi, kwa hiyo ufunguo nilikuwa nao. Na ndani ya chumba kile, mwanangu, Bubu alikuwa anaimba. Hilo nalo hakuna anayejua. Nilianza kwa kufuata maneno chini chini. Halafu siku moja nikapaaza, kwa kuwa hakuna wa kunisikia, na sauti ikatoka, kubwa, sikujua ilikuwa inakaa wapi miaka yote. Yule mwanamke anaimba, mie nampokea. Nikitoka humo mashavu yana joto kama nimetoka kwenye harusi. Nilikuwa na miaka kumi na tano. Pengine wewe utajua siku moja inavyokuwa, mtu kuwa na mahali pamoja tu duniani ambapo si mjinga.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, wakati wa masika. Baba yako alikuwa safari ya kikazi Mwanza. Bibi alikuwa amekwenda msibani Temeke, akaniambia, "Mtoto ana joto, usimwache." Nilikupa kidonge cha homa, nikakulaza, nikakukandakanda kwa kitambaa cha maji. Ukalala. Mvua ilikuwa imeanza juu ya bati. Nikakaa karibu yako nikitazama ukuta, nikafikiri: upande mmoja tu wa santuri. Amelala, hataamka.

Nikaingia, nikafunga mlango, maana usipoufunga muziki unatoka.

Upande wa kwanza ukaisha. Nikageuza wa pili. Nikaweka nyingine.

Sasa hapa ndipo pagumu. Nimeshapajaribu kichwani mara nyingi na kila mara napita pembeni. Katikati ya wimbo niliuona ule mlango ukitikisika. Kitasa kilisogea kidogo, kikarudi. Mara moja, na tena. Nikajiambia ni upepo wa mvua. Nikaendelea kuimba. Upepo, Shaibu! Ndani ya chumba kile upepo ungetokea wapi?

Nilipomaliza nikausukuma mlango, ukawa mzito. Ulikuwa umeuegemea wewe. Umelala juu ya sakafu, shingo imekaza kama ubao, mkono mmoja bado uko kwenye mbao. Ulikuwa umelia mpaka kamasi zimekauka. Kulia kuliisha, sijui saa ngapi.

Nilikukimbiza hospitali mgongoni, mvua inanyesha, kanga imetuganda. Daktari alikushika shingo akanigeukia.

"Ameanza lini kukaza shingo hivi?"

"Sasa hivi."

"Ulikuwa naye?"

"Nilikuwa nimelala naye. Nimeamka sasa hivi."

Akaniuliza tena. Nikamjibu vilevile. Uongo wangu wote ni huo, mfupi hata mtoto anaweza kuukariri, na umekaa nami miaka mitatu. Alisema ni homa ya uti wa mgongo. Baadaye, ulipokuwa umepona lakini hugeuki ukiitwa, Bibi alimuuliza kama ungeletwa mapema ingekuwaje. Akasema ugonjwa ule huchukua masikio ya wengine hata wakiletwa mapema. Hakuna anayeweza kusema. Bibi alishukuru kwa jibu hilo. Mie limenitesa. Laiti angesema "ni wewe," ningejua nilipo. Nimebaki mahali ambapo huenda niliyaua masikio yako na huenda sikuyaua, na hakuna wa kunihukumu kwa sababu hakuna anayejua kuna kesi.

Maneno yako hayakuondoka siku moja. Yaliondoka kama wageni, mmoja mmoja. Kwanza "paka". Halafu "twende". Mamdo ikawa Mammo, ikawa kitu cha puani tu, ikaisha. La mwisho lilikuwa "maji". Ulilishika lile muda mrefu, unalisema hata huna kiu. Halafu asubuhi moja ukanishika kanga ukanionyesha mtungi kwa kidole.

Niliacha shule kidato cha pili nikae nawe. Majirani walisema, "Somoe ana moyo, kijana mwingine nani angefanya?" Mama mmoja aliniletea kanga mpya, mbele ya watu, akasema binti kama huyu ndiye wa kumwolea mtoto wako. Niliipokea kwa mikono miwili. Sijaivaa. Iko ndani ya sanduku lako, chini kabisa, utandike kitandani. Ukitaka kujua uongo unavyokula mtu, hauli kwa kukusema vibaya. Unakula kwa kukusifu.

Baba yako alirudi safari akanikuta nimekukumbatia kitandani. Nilimwambia nilipitiwa na usingizi, naye hakuuliza zaidi. Aliamini kosa ni lake, kusafiri na kumwachia mtoto mtoto mwingine. Nikamwacha aamini. Hilo nalo liandike juu yangu.

Kuanzia hapo akawa kama amerogwa. Unakumbuka, siku moja ulipita karibu na spika ukasimama, ukabandika shavu kwenye kasha, ukatabasamu. Baba yako aliona. Akaamua kwamba tatizo ni udogo wa sauti. Alikuwa na shamba Tegeta, pori wakati huo, mikorosho mikorosho, alilolinunua akusomeshe nalo. Akaliuza. Akaagiza amplifaya nyingine na spika ambazo zilipita mlangoni kwa kulazwa ubavu. Bibi alilia, akamwambia, "Baba Shaibu, sikio si kufuli kwamba ukitia nguvu litafunguka." Hakusikia. Alikuwa anasoma usiku vijitabu vya Kiingereza vya wauza mashine, na mie nakaa pembeni namwona, najua neno moja ambalo lingemzuia. Au lingemmaliza. Sikulisema.

Siku aliyoifungua kwa nguvu zote, sufi na mpira havikufaa kitu. Sufuria zilishuka rafuni. Kuku wa jirani waliruka ukuta. Haikupita muda tukasikia mtu anagonga lango kwa fimbo.

"Hodi! Hodi humu! Ndugu Rashidi, mtaa mzima vikombe vinacheza kabatini! Tumedhani tingatinga linabomoa nyumba!"

Mzee Mkumba, na nyuma yake nusu ya nyumba kumi. Akapita moja kwa moja mpaka chumba kile, akauvuta mlango, akasimama kizingitini. Alikuja kumkamata kupe, nilimwona usoni. Akamkuta baba yako amepiga magoti, shati limelowa jasho, anapiga kelele: "Shaibu! Shaibu! Unasikia, baba?" Na wewe umekumbatia spika, unacheka.

Balozi akavua kofia.

"Mtoto anasikia?"

"Anacheka, Mzee. Si unamwona anacheka?"

"Nimekuuliza, anasikia?"

Baba yako akakuita tena, nawe hukugeuka.

"Anatekenywa, ndugu yangu," balozi akasema. "Hata mie hapa natekenywa nyayoni. Zima. Zima, basi."

Baba yako akazima. Ndipo alipolia, mbele ya watu wote wale, na balozi akawageukia akawaambia, "Hamna vyungu motoni nyie?" Wakaondoka. Hakumshitaki. Alirudi kesho yake na habari ya shule, kwamba binamu yake ana mtoto huko bara, anasoma, anaandika jina lake, anashona viatu. Baba yako mwenyewe ndiye aliyesema mashine ichukuliwe na tawi la chama. Sasa ile spika iliyokuwa inatoa pumzi ya mwanamke inatangaza siku ya kuzibua mitaro, na moja imeshapasuka. Napita hapo nikienda sokoni. Sisimami.

Tangu siku ile ya mvua sijaimba. Si adhabu, usije ukadhani nilikula kiapo. Ni kwamba nikifungua mdomo naona kile kitasa.

Lakini tuliongea, mie na wewe, sivyo? Tulitunga lugha yetu. Bibi ni vidole viwili puani, kwa ajili ya ugoro. Baba ni mikono miwili iliyotanuliwa, kasha. Mzee Mkumba ni kofia. Kunguru unajua mwenyewe ulivyomfanya, hata Bibi alicheka. Mie jina langu umenipa kiganja kilichonyooka, unakisukuma mbele hewani. Watu wanadhani maana yake "subiri". Baba yako anadhani ni salamu. Mie kila ukiniita hivyo naona mkono wako ulivyokuwa kwenye mbao. Sijui kama unakumbuka. Ulikuwa mdogo mno. Nimekutazama usoni mara nyingi nikitafuta, na umeniangalia tu, macho meupe, unataka embe.

Huko watakufundisha ishara nyingine, za watoto wote. Zifuate. Zetu utazisahau, na mie nitabaki najua lugha ambayo hakuna mtu wa pili anayeijua. Ndilo linaloniliza leo, si treni. Kuna asubuhi utarudi likizo, utaniita kwa ishara nisiyoijua, na nitaomba unirudie polepole kama mgeni.

Sina wosia mkubwa. Nina miaka kumi na minane. Wosia wangu utakuwa wa mtu aliyeanguka kwenye shimo moja na analijua hilo tu. Utapenda vitu. Penda. Utapata kimoja kitakachokufanya usahau kula, labda kazi ya mikono, labda mtu. Usikionee haya, kwa sababu sie kilichotuponza si muziki, ni kuuonea haya muziki. Tungekaa tumefungua madirisha, watu wakatusema, balozi akatusema, na wewe ukalia nikakusikia. Na ukifanya kosa, sema siku hiyohiyo, kabla watu hawajaanza kukusifu.

Nilitaka kuishonea barua hii ndani ya godoro lako, uikute ukishakua. Niliona ni ujanja. Sasa naiona ni chumba kingine tu. Ungelala juu ya neno langu miaka na miaka bila kulijua, na baba yako angekaa kesho ndani ya treni, kichwa ameegemeza dirishani, akijihukumu kwa kosa ambalo nusu yake ni langu.

Kuna nyayo ukumbini. Ni ndala zake, nazijua zinavyoburuta. Anapita chumbani kwako kwanza, amesimama, anakutazama ulivyolala. Sasa anakuja huku. Mkono wangu umeshainua pembe ya mkeka, wenyewe, kwa mazoea.

Nimeuteremsha.

Anasema, "Somoe, bado uko macho?" Naandika bado. Karatasi zote ziko juu ya meza, ya kwanza iko juu, jina lako linaonekana. Akiuliza ni barua ya nani nitamwambia ni ya Shaibu, lakini aanze yeye kuisoma. Taa nimeivuta upande wake. Nimeshamtengea kiti.